Ugomvi wa magari yaliyotumika huzaliwa na maneno

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo iliwafaa watu wa soko la ana kwa ana, ambako mnunuzi alifika, akashika, akauliza majirani, kisha ndipo akafungua kibindo. Katika soko la magari yaliyotumika, ambalo siku hizi limehamia kwa kiasi kikubwa katika mitandao, kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena bega kwa bega, katika kioo cha simu. Gari lililotunzwa kama yai na gari lililofichwa madhambi yake kwa rangi hutangazwa kwa picha zinazofanana na kwa maneno yale yale. Mnunuzi aliye Kakamega humjua muuzaji aliye Nairobi kwa maneno yake tu. Ndiyo sababu nimeona si vibaya mtu wa taaluma ya lugha naye atie neno katika jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi, mawakili na polisi.

Hoja yangu ni hii: ugomvi mwingi kati ya wanunuzi na watu binafsi wanaouza magari yao huanza katika lugha kabla ya kuanza katika injini. Injini kuharibika si ajabu, kwani kila chombo kilichoundwa na binadamu huchakaa. Kinachowapeleka watu kwa chifu, katika kituo cha polisi na hatimaye mahakamani ni maswali matatu: nani alisema nini, alikusudia nini, na mwenzake alikuwa na haki ya kuelewa nini. Maswali hayo ndiyo mkate wa kila siku wa mwanaisimu, na yangefaa kuwa mkate wa kila mwalimu wa lugha na mwanafunzi wake.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao, naamini, wasomaji wengi watautambua. Mwalimu wa shule ya upili amechukua mkopo wa Sacco. Ameona tangazo la gari dogo la shilingi 780,000. Tangazo linasema: gari safi, halijagongwa, injini haijafunguliwa, halina shida, nunua uendeshe, mwenyewe anauza. Mwalimu anasafiri, anakwenda na fundi wake, wanalizunguka gari, wanaliendesha kilomita chache, fedha zinalipwa, mkataba wa ukurasa mmoja unatiwa sahihi. Juma la pili gia zinakataa kuingia. Fundi mwingine anafungua na kusema kwamba giaboksi hiyo iliwahi kubomolewa na kurudishwa, na kwamba upande wa mbele wa gari uliwahi kunyooshwa. Mwalimu anapiga simu. "Ndugu yangu, ulisema halina shida." Muuzaji anajibu: "Mwalimu, ulikuja na fundi wako mwenyewe, ukaliendesha, ukaridhika. Siku hiyo lilikuwa na shida gani?" Kutoka hapo simu haishikwi tena, na makato ya mkopo yanaendelea kukatwa mshaharani kwa miaka mitatu au minne.

Nani mwenye haki? Watu wengi watakimbilia kusema kwamba mnunuzi ni mteja, na mteja analindwa na sheria. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inawapa wateja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kwamba tuna Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012. Lakini sheria hiyo ya 2012 inapomtaja msambazaji wa bidhaa inamkusudia mtu ambaye kazi yake ni biashara. Mtu anayeuza gari lake moja alilolitumia kwenda kazini si mfanyabiashara wa magari. Mlango huo, basi, si rahisi kumfungukia mwalimu wetu.

Inabaki Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, ambayo ilifuata kwa karibu mno sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hii ina mambo matatu ambayo kila mnunuzi na kila muuzaji angepaswa kuyajua kama anavyojua jina lake. La kwanza, kila muuzaji, awe mfanyabiashara au mtu binafsi, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kukiuza kitu anachokiuza, hata kama hakutamka ahadi hiyo. La pili, kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti kilingane na maelezo hayo, na hapa pia sheria haibagui kati ya mwenye yadi na mwenye gari moja. La tatu, ahadi isiyotamkwa kwamba kitu kina ubora unaofaa humfunga yule anayefanya biashara ya vitu vya aina hiyo. Haimfungi mtu binafsi. Kwa ubora wa gari la mtu binafsi, sheria imeacha kanuni ya kale isimame: mnunuzi na ajihadhari.

Msomaji atazame kwa makini matokeo ya mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi wako mkubwa kuhusu hali ya gari ni maneno. Alilolieleza, linamfunga. Asilolieleza, kwa kawaida halimfungi. Wala sheria haikuweka hivyo kwa ukatili, kwa kuwa mtu wa kawaida hana karakana wala ujuzi wa kulifungua gari lake na kujua kila kilichomo. Lakini ina maana kwamba anayenunua bila kuyapima maneno amenunua mbuzi ndani ya gunia, na gunia lenyewe ameshonewa kwa lugha.

Basi tuyapime maneno hayo. Neno "safi" halina kipimo. Safi kwa nani, na ukilinganisha na nini? "Gari zuri sana", "gari la kuaminika", "hutajuta": hizi ni sifa za sokoni, ambazo mahakama tangu zamani huzichukulia kama porojo za kibiashara zisizomfunga mtu. Hakuna ajuaye jinsi ya kuthibitisha kwamba kitu si kizuri sana. Kinyume chake, "limetembea kilomita 86,000" ni kauli inayoweza kuwa kweli au uongo. Mwanafunzi wa semantiki atakuambia kwamba kauli ya namna hiyo ina masharti ya ukweli. Tofauti hiyo ndogo ya darasani ndiyo inayoamua, mbele ya hakimu, nani alipwe na nani arudi nyumbani mikono mitupu. Cha kusikitisha ni kwamba matangazo yetu yamejaa kauli za aina ya kwanza, na wanunuzi hulipia kauli hizo kana kwamba ni za aina ya pili.

Kisha tuitazame ile "-a" ya uhusiano, kiungo kidogo tunachokifundisha tangu shule ya msingi. Tangazo likisema "gari la 2022", hiyo "la" inahusisha gari na mwaka 2022 kwa njia gani? Liliundwa mwaka huo? Lilisajiliwa Kenya mwaka huo? Muuzaji alilinunua mwaka huo? Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na kwa hivyo gari laweza kusajiliwa hapa kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha tumika Japani kwa miaka 7. Herufi za namba ya usajili zikawa mpya, chuma kikawa cha kale. Muuzaji anayesema "la 2022" huku akijua kwamba gari liliundwa mwaka 2015 anaitegemea sarufi imfanyie kazi ya ulaghai.

Hali kadhalika nyakati za vitenzi. "Halijagongwa" ni kauli inayokusanya maisha yote ya gari, tangu lilipotoka kiwandani. Lakini muuzaji huenda ni mtu wa tatu kulimiliki. Miaka ya Japani haijui, na ya mwenzake aliyemuuzia haijui. Anachoweza kukisema kwa ukweli ni "halikugongwa tangu nilipolinunua mwaka 2019". Upo pia upande wa pili wa shilingi: muuzaji mwerevu husema "halijagongwa mikononi mwangu", nalo ni kweli tupu, ilhali alipolinunua aliambiwa waziwazi kwamba liliwahi kupinduka. Na kauli ya kutendwa nayo ina siri zake. "Injini ilitengenezwa": na nani, lini, kwa vipuri gani? Kitenzi kimeruhusu mtenda afichwe, na mnunuzi hakumtafuta.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi ahadi, ndiyo anaifanya. H. P. Grice naye, katika makala yaliyotoka mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano: tunatazamia mwenzetu aseme yaliyo kweli, asiseme jambo asilo na ushahidi nalo, na atoe habari za kutosha kwa haja iliyopo. Wanafunzi wetu huyakariri mambo haya kwa ajili ya mtihani. Laiti wangejua kwamba majaji wa Uingereza walikuwa wakibishana juu ya mambo hayo hayo, kwa magari hasa, kabla makala hayo ya Grice hayajachapishwa!

Kesi mbili zafaa kutajwa, kwa kuwa mahakama zetu, zinapofasiri sheria tuliyoirithi, huwa zinatazama maamuzi kama hayo ingawa hazifungwi nayo. Katika kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams, iliyoamuliwa mwaka 1957, mtu binafsi alimpa mfanyabiashara wa magari gari aina ya Morris, akisema ni la mwaka 1948. Ndivyo kitabu cha usajili kilivyosema. Miezi kadhaa baadaye ikagunduliwa, kwa kutumia namba za chasisi na injini, kwamba gari lilikuwa la mwaka 1939; mtu asiyejulikana alikuwa amekwisha kukichezea kitabu. Mahakama ya Rufani iliamua, kwa wingi wa majaji, kwamba maneno ya muuzaji hayakuwa sehemu ya mkataba. Sababu yao? Muuzaji hakuwa na ujuzi wake mwenyewe wa jambo hilo. Alirudia tu yaliyoandikwa, na mnunuzi, ambaye ni mtu wa biashara ya magari, alikuwa katika nafasi nzuri zaidi ya kuchunguza. Kwa lugha ya Grice, majaji waliuliza: msemaji alikuwa na ushahidi gani, na msikilizaji alijua nini kuhusu ushahidi huo?

Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, ikaja kesi ya Beale dhidi ya Taylor. Mtu binafsi alitangaza gazetini gari aina ya Herald la mwaka 1961. Mnunuzi alikwenda, akaliona, akalinunua. Karakana ilipolikagua ikagundua kwamba yalikuwa magari mawili: nusu ya nyuma kweli ilikuwa ya Herald ya 1961, na nusu ya mbele ilikuwa ya gari la awali zaidi, vipande viwili vimechomelewa pamoja. Muuzaji mwenyewe hakujua. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba gari liliuzwa kwa maelezo, na kwamba kile kilichotolewa hakikulingana na maelezo hayo. Mnunuzi alishinda, ingawa alikuwa amelitazama gari kwa macho yake, na ingawa muuzaji hakuwa mfanyabiashara wala mwongo.

Zikisomwa pamoja, kesi hizi mbili zinatupa funzo ambalo ningependa libandikwe katika kila simu inayotumiwa kuuzia gari. Tangazo ni kauli yenye uzito. Tarakimu moja ndani yake yaweza kumfunga aliyeiandika, hata kama aliiandika kwa moyo mweupe. Lakini uzito huo haujipimi wenyewe. Hutegemea nani alisema, kwa ujuzi gani, na kwa nani. Kwa hivyo muuzaji wa kibinafsi aliye mwaminifu anajilinda vyema zaidi akieleza chanzo cha anachokisema: "kwa mujibu wa hati", "kama alivyoniambia aliyeniuzia", "nijuavyo mimi tangu mwaka 2019". Vifungu hivyo vifupi si mapambo ya lugha. Ni uaminifu uliowekewa mipaka inayostahili.

Sasa tuje kwenye kimya, maana kimya nacho ni sehemu ya mawasiliano. Hapa sheria ina jambo ambalo kila ninapolitafakari hunishangaza. Muuzaji wa kibinafsi akinyamaza kuhusu hitilafu anayoijua, kimya chake, kwa kawaida, hakihesabiwi kuwa ni uongo. Lakini mnunuzi akikaa na gari kwa muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kwamba analikataa, kimya chake huhesabiwa kuwa amelikubali. Na akishalikubali hawezi tena kulirudisha kwa sababu ya kasoro hiyo, inambakia kudai fidia tu. Kimya cha mmoja hakimaanishi kitu, kimya cha mwingine ni sahihi. Anayedhani kwamba atasubiri mpaka likizo ya Agosti ndipo amtafute muuzaji ajue kwamba kila siku inayopita inazungumza kwa niaba yake, tena inazungumza vibaya.

Kuna watakaosema kwamba kanuni ya kimya haina budi kubaki hivyo, kwa kuwa mnunuzi ana macho, ana fundi na ana kinywa cha kuulizia. Mimi nakubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba kuuliza si ujinga, na mnunuzi asiyeuliza amejidhulumu. Lakini kimya kikichanganywa na maneno huwa si kimya tena. Anayesema "breki nimebadilisha, betri mpya, tairi mpya" na kuacha giaboksi aliyoambiwa na fundi kwamba inakufa, amechora picha ya gari lililokaguliwa lote. Ukweli wa nusu ni uongo uliovaa kanzu. Anayepaka rangi ili kufunika kutu, au kurudisha nyuma kipimo cha kilomita, huyo hakunyamaza hata kidogo. Amesema kwa mikono yake, na sheria inaijua lugha hiyo ya mikono kwa jina la udanganyifu. Kwa mtu wa namna hiyo, hata kile kifungu kinachopendwa katika mikataba yetu, kwamba gari "linauzwa kama lilivyo", hakiwezi kumsafisha.

Tusije tukamfanya kila muuzaji kuwa mwizi, lakini. Haki ina masikio mawili. Wapo wanunuzi wanaoliendesha gari miezi mitano katika njia za mashimo, wanalipakia magunia ya mahindi, kisha wanadai kwamba waliuziwa likiwa bovu. Wapo wanaolipa nusu na kuahidi salio ambalo haliji. Na wapo wanaochukua gari na kuacha usajili katika jina la muuzaji. Hili la mwisho ni hatari kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, nayo hutazamia mmiliki mpya asajiliwe ndani ya siku 14. Gari likisababisha ajali mwezi wa tatu, barua ya wakili itabisha katika mlango wa yule aliyedhani kwamba ameachana nalo. Muuzaji naye, basi, ana sababu nzuri ya kutaka maneno yaandikwe: tarehe, saa, kilomita zilizosomwa, na wajibu wa kuhamisha usajili.

Na yupo mtu wa tatu katika kesi hizi, dalali anayejiita mwenyewe. Tangazo linasema "mwenyewe anauza", kumbe aliyeliandika halijui gari wala hana jina katika hati. Tofauti hii si ndogo. Kama anauza magari mwezi hadi mwezi, yeye ni mfanyabiashara, na ile ahadi isiyotamkwa ya ubora yaweza kumfunga. Kwa kujiita mtu binafsi anajaribu kuuvua wajibu kwa kubadilisha kiwakilishi tu. Swali la kwanza la mnunuzi, kabla hata ya kuuliza bei ya mwisho, linafaa kuwa: jina lililo katika hati ya usajili ni la nani, na nambari ya kitambulisho chake ni ipi? Kisha alithibitishe jibu katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), na asitume hata shilingi ya kushikia gari kabla ya hapo. Huko pia ataona kama gari lina jina la benki au mkopeshaji pembeni ya jina la mwenyewe, maana gari lenye deni haliuzwi kwa kauli ya mdomo.

Ugomvi ukishatokea, mwalimu wetu afanye nini? Kwanza aandike mara moja, asisubiri. Ujumbe mfupi wenye tarehe, unaoeleza hitilafu iliyogunduliwa na maneno ya tangazo yaliyokiukwa, una thamani kuliko simu ishirini za matusi. Pili, ahifadhi tangazo lenyewe kabla halijafutwa, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp na risiti za M-Pesa, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Mali bila daftari huisha bila habari, na ugomvi bila daftari huisha bila haki. Tatu, apate ripoti ya maandishi ya fundi anayeaminika inayoeleza kwamba kasoro ni ya kale, maana fundi anayesema tu kwa mdomo hamsaidii. Nne, kama mapatano yameshindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Wengi wanaolalamikia gharama za haki hawajui kwamba mlango huu upo.

Lakini mahakama ni hospitali, na mimi nazungumzia chanjo. Chanjo yenyewe ni mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo wote wawili wanaijua. Aghalabu watu wetu hujadiliana bei kwa Kiswahili, hucheka kwa Kiswahili, husifiana gari kwa Kiswahili, kisha hutia sahihi karatasi ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka kwa karatasi nyingine, yenye misamiati ya kisheria ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kuifafanua. Yote yaliyosemwa yanabaki nje ya karatasi, na karatasi inasema jambo jingine kabisa. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna sheria inayowakataza watu wawili kuuziana gari kwa Kiswahili sanifu, chenye nambari ya chasisi na ya injini, mwaka wa kuundwa na mwaka wa kusajiliwa vikitajwa kando kando, kilomita zilizosomwa siku ya mauziano, ajali na matengenezo anayoyajua muuzaji tangu alipolimiliki gari, hitilafu zilizopo, na siku ambazo mnunuzi amepewa za kulikagua zaidi. Maneno yaliyokuwa katika tangazo yahamishiwe humo. Muuzaji akikataa kuliandika katika mkataba neno alilolitangaza hadharani, hiyo peke yake ni habari ya kutosha, na mnunuzi afunge pochi yake.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tunafundisha isimujamii, na wanafunzi wanazitaja sajili za biashara, za matangazo na za mahakamani kwa ufasaha. Tunafundisha uandishi wa barua, tangazo, ratiba na kumbukumbu. Ninapendekeza kwamba mkataba wa mauziano upewe nafasi pale pale. Mwalimu na alete darasani tangazo la gari, aliondoe jina na nambari ya simu, kisha awaulize wanafunzi: ni kauli zipi hapa zinazoweza kuthibitishwa kuwa kweli au uongo? Ni zipi ni sifa tupu? Mtenda yuko wapi katika kitenzi hiki? Hiyo "-a" ya uhusiano inaficha nini? Baadaye awagawe wawili wawili, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi, waandike mkataba ambao mtu wa tatu, aliye hakimu, ataufasiri bila kuwauliza walikusudia nini. Sidhani kama kuna zoezi litakalowaonyesha kwa haraka zaidi kwamba sarufi si adhabu ya mtihani.

Mwanafunzi aliyeketi kidato cha tatu leo ndiye atakayekuwa mnunuzi au muuzaji baada ya miaka kumi. Huenda akanunua gari, pikipiki, shamba au tarakilishi, na huenda asimwone aliyemuuzia hata mara moja. Atakuwa na simu nzuri kuliko zetu na mikopo ya haraka kuliko yetu. Kama hatukumfunza kulipima neno kabla ya kulilipia, tutakuwa tumempa cheti bila kumpa ngao. Na muuzaji naye akumbuke kwamba ahadi ni deni, na kwamba deni hilo huanza siku anapoliandika neno la kwanza la tangazo lake.